Magoti ya Davison Tribinalini

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 21 Septemba 1997

Mupendwa Yaya Fidélie, dada yangu mukubwa,

Hujambo huko Likasi, wewe na bwana yako na watoto? Mugongo umeacha kukusumbua? Sisi huku tuko wazima, namushukuru Mungu. Mutoto wetu Mwewa alishikwa na malaria, lakini amepona, na sasa anamaliza bukari kabla sisi hatujanawa mikono.

Yaya, kaa chini kwanza ndipo usome. Bwana yangu Davison alipelekwa tribinalini, eti aliendesha gari akiwa amelewa.

Mwezi wa nane tulikuwa Kafutuma, kwenye ndoa ya Esnart, mutoto wa dada yake. Walileta katubi, ile pombe ya ulezi ambayo Wabemba wanavuta kwa murija. Unaongeza maji ya moto, unavuta, unaongeza tena, na chungu hakiishi. Ilipofika saa tisa muchana, Davison alikuwa anamuomba mbuzi musamaha kwa kumukanyaga. Nikachukua ufunguo wa pikapu yetu. Unakumbuka Papa alitufundisha sisi wawili kuendesha, mpaka siku nilipobomoa nyumba ya kuku. Kuendesha najua. Permi, yaani leseni, ndiyo sina.

Karibu kufika Nchelenge tukaona polisi wamefunga barabara. Nikasimama. Davison akaamka, akaniita Mama Mwewa kwa Kibemba:

"BaNa Mwewa, wewe huna permi. Mimi ninayo. Pisha!"

Sijajibu, tayari amepanda juu yangu na kunisukuma upande wa pili. Polisi walipofika walimukuta kwenye kiti cha dereva, nyuma ya volani, ananuka katubi, permi mukononi, anatabasamu. Wakazuia gari, naye wakamuandikia siku ya kesi.

Avoka wa kumutetea huku hakuna. Basi rafiki yake Obvious, ambaye aliwahi kutafsiri kesi mbili za mbuzi, akajifanya avoka. Siku tatu walikaa nyuma ya nyumba wakitengeneza utetezi. Mimi nikasema nisimame tu niseme ukweli. Davison akakataa kabisa. "Watakufunga wewe. Mwewa atabaki na nani?" Nilikosa usingizi, Yaya. Wakimunyang'anya permi, nani atapeleka samaki wetu soko la Mansa?

Siku ikafika. Davison akavaa suti ya ndoa yetu, akasimama mbele ya juji, akasema maneno ya Obvious: katubi si pombe, ni uji. Juji akainamisha kichwa ili acheke vizuri.

"Huo uji, ulikunywa mpaka wapi?"

"Mpaka nikalala, mukubwa."

Nikamuona Obvious anatafuta mulango.

Kisha polisi mumoja, Kingsley, akaeleza namna walivyomukamata. Akasema mulevi alikataa kutoka ndani ya gari. Walimuvuta watu wawili, magoti yamekwama chini ya volani, mpaka kiatu kimoja kikabaki ndani. Juji akaacha kuandika. Akamutazama Davison, na unajua urefu wake, mulango wetu anauingia ameinama.

"Kama magoti yalikwama, freni ya kusimamisha gari aliikanyaga namna gani?"

Mimi nikasimama bila kuitwa.

"Mukubwa, kile kiti nilikisogeza mbele mimi, sababu ni mufupi. Mimi ndiye niliyeendesha."

Watu wote: "Eee!" Davison akapiga kelele, "BaNa Mwewa, kaa chini!" Juji akamuambia yeye ndiye akae.

Tukatoka wote mpaka kituo cha polisi, ng'ambo ya barabara. Pikapu ilikuwa pale pale polisi walipoisukuma siku ile, na kiti chetu kina kutu, hakirudi nyuma bila nyundo. Davison akaambiwa aingie, safari hii bila tone la katubi. Magoti yakakwama tena. Kumutoa ilihitaji watu watatu, maana hata yeye alikuwa anacheka.

Juji akamuuliza kwa nini alichukua kiti cha muke wake. Akaacha kucheka.

"Yeye hana permi, mukubwa. Niliona heri munishike mimi."

Yaya, hapo nililia mbele ya polisi na wauza samaki wote. Kesi ya ulevi ikafutwa. Davison alikaripiwa kwa kudanganya polisi, na mimi nikapewa onyo: nisiendeshe peke yangu mpaka nipate permi.

Kwa hiyo nakuomba, tafuta karatasi yangu ya kuzaliwa katika sanduku la marehemu Mama, umupe Berthe, atapita huku na mizigo yake ya biashara. Mutihani wa permi uko mwezi wa kumi. Tayari nina karatasi ya kujifunza kuendesha, na Davison ananisindikiza kila asubuhi. Tukikaribia kona, anakanyaga sakafu ya upande wake, mahali pasipo na freni. Gari likisimama, anajipangusa jasho: "Umeona? Nimetuokoa."

Musalimie Ilunga na Tantine Vicky. Mwewa anakusalimia, na Davison pia, ingawa hajui nimekuandikia haya yote. Mungu awalinde mukilala na mukiamuka.

Mudogo wako asiyekusahau,
Régine