Shemeji Ameichezea Delko ya Kombi Yangu

Alhamisi jioni, Bugarama. Jua limezama lakini joto limekataa kushuka, na mimi pia sijashuka. Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo, majirani wote watasikia.

Kwa asiyejua: kombi yangu ni ile ya kizamani, injini nyuma, ndani kuna kitanda cha kukunja na jiko dogo la gesi. Mimi na marehemu mume wangu tuliinunua kwa wazungu waliotaka kuzunguka nayo Afrika nzima, wakachokea hapa Rusizi. Tangu afariki, napika humo. Kila asubuhi napanda nayo mlima hadi mpaka wa Kongo, Rusizi ya Kwanza, nawauzia wabeba mizigo wali, maharagwe na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kombi hiyo ndiyo inayowalisha wanangu.

Vita vya ng'ambo vilipomfukuza Shemeji Deo, mdogo wa marehemu, kutoka Bukavu, alifika hapa na mfuko mmoja na macho mekundu. Nilimlilia kweli. Nilizaliwa kule, najua kuacha nyumba kulivyo. Chumba kwangu hakuna, nikampa kitanda cha kombi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji ni fundi, kwa hiyo nilimpa spana. Nilimwomba anikazie mkanda wa injini.

Mkanda tu.

Leo kombi imenitesa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, ilipoanza mlima ikalegea kama mtu aliyeshinda na njaa. Nikikanyaga mafuta, inakohoa nyuma. Gia ya pili, gia ya kwanza, halafu injini ikapata moto mpaka nikasimama kando ya barabara kuisubiri ipoe, na sufuria zangu zikipoa vilevile. Nilipofika mpakani wabeba mizigo walishakula kwa mwingine. Mmoja wao akanitania, "Maman Ineza, leo unatuletea chakula ya magaribi?" Nilicheka pamoja nao. Roho ilikuwa inaniuma.

Niliporudi sikumwita fundi wangu. Nilifungua injini mwenyewe. Marehemu alinifundisha kupima avansi, yaani wakati ambao buji zinapiga cheche. Unafunga waya wa balbu ndogo kwenye delko, kile chombo kinachopeleka umeme kwenye buji, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha unazungusha puli kwa mkono, taratibu. Alama ya puli ikifika kwenye mstari wa injini, balbu iwake papo hapo.

Alama ilifika. Giza. Ikapita, bado giza. Balbu ikaja kuwaka mbele kabisa.

Cheche ya kuchelewa namna hiyo naifahamu. Ni ya Bukavu. Kule watu wengi wananunua essence, yaani petroli, ya chupa kando ya barabara, imechanganywa na mafuta ya taa, na ukiipa cheche mapema injini inagonga. Ndiyo maana mafundi wa kule wanaichelewesha. Huku mimi najaza petroli safi kwenye pompi ya kituo, na Deo analijua hilo. Fundi kama yeye hawezi kusahau yuko upande gani wa mto.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa kombi anakula maharagwe yangu. Nikamuuliza ameitengenezea essence ya wapi.

Hakuinua kichwa. "Maman Ineza, iyi kombi ni ya grand wangu, bwana yako. Vita ikiisha, niko narudia nayo kwetu. Njo desturi."

"Na mimi na batoto tutakula nini?"

"Bugarama iko na muchele mingi."

Sikumpiga. Nilitaka. Kinachonichoma ni kwamba aliyapanga haya akiwa amelala kwenye godoro langu, na kila asubuhi ananiambia aksanti. Desturi. Alipougua kaka yake, hiyo desturi haikuvuka mto kuja kumgeuza kitandani.

Nikalegeza boliti, nikaizungusha delko mpaka balbu ikawaka juu ya alama, nikakaza. Nilifanya hivyo mbele yake. Alitazama mikono yangu, akaendelea kula.

Lakini fundi anaweza kuirudisha ilikokuwa wakati wowote. Kwa hiyo nikafungua kofia ya delko, nikachomoa kidole, kile kipande kinachozunguka ndani kugawia buji moto. Hapo aliacha kula. Nimekifunga kwenye pindo la kitenge changu, na bado kiko hapa ninapoandika. Bila kidole, kombi ni chumba tu.

Namchukia. Kule bado kunapigwa risasi, na sijui atalala wapi. Sijui pia kwa nini hilo linanisumbua mimi na halimsumbui yeye.

Akitaka kwao, daraja liko pale na miguu anayo. Alfajiri nitakirudisha kidole mahali pake na kupanda mlima na sufuria zangu. Godoro nitalitoa kwanza.