Machupa Kumi na Mbili ya Mayi

Likasi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Yaya Albertine, dada yangu mukubwa,

Jambo sana ku weye na ku bantu bote ba pale nyumbani. Magoti yako inaendelea aje? Na kikohozi ya shemeki Banza? Huku bibi na batoto banakula, banalala. Minye tu njo sina muzuri, na haina ugonjwa.

Yaya, unajua kazi yangu ku labo ya université: kuzunguka mu mikini, kijiji kwa kijiji, kuteka mayi ya bisima, kuileta mu machupa. Prof Clémentine alianzisha ile kazi juu batoto betu bajifunze kupima mayi na udongo benyewe, tuache kungojea bageni bakuye kutuambia tunakunywa nini. Alikamata batoto banane. Wa kwetu alikuwa binti yako Noëlla peke, na ile siku uliimba mpaka sauti ikapotea.

Mu mwezi wa kumi na mbili, résultats, majibu ya bipimo ya Noëlla, ilitoka yote sawasawa, bisima kumi na mbili kama mapacha. Prof akasema haiwezekani, huyu mutoto alipima chupa moja tu, ingine aliandika ya kichwa yake. Noëlla alilia, asema alipima kila chupa mara mbili. Prof akaniuliza kama niliteka ku kila kisima. Nikajibu ndiyo. Léon wa labo alicheka, akaniambia: Papa Cyrille, mupwa wako iko fundi, bisima yake yote ilitoka mu tumbo moja! Na minye nilicheka.

Kisha nikakupigia telefone, nikasema mutoto wako alidanganya. Na vile minye njo mujomba wake, nilikamata kuku ya mweupe sawa desturi inaomba, nikamupeleka Noëlla kwa Prof kuomba musamaha. Noëlla alikatala kupiga magoti. Nikamufinya ku bega, nikamuambia asitupatishe haya. Akapiga magoti. Lakini aliniangalia, yaya. Prof alipokea kuku, akamutosha inje ya équipe ya bale banane. Weye ukamufungia mulango, na tangu pale analala kwa rafiki yake Fidélie.

Sasa ikala chini. Mutoto hakudanganya. Ni minye. Ile wiki mvua ilinyesha, njia ya kupita Mulungwishi ilikuwa matope, nikachoka mbele ya kuanza. Nilijaza machupa yote ku kisima moja ya karibu na Kakontwe, nikabandika juu majina ya bisima ingine. Nilifikiri mayi ni mayi, nani atajua? Mutoto wako alijua. Mu ile labo yote, kazi ya kweli ilikuwa yake peke.

Jana nilimueleza Prof yote. Alinifukuza ku kazi, na iko na haki. Alisema Noëlla arudie mu équipe. Kisha nilienda kwa Fidélie. Noëlla alinisikiliza amesimama. Hakunitukana. Aliniuliza kintu moja tu: kisima ya kwa mama, ile banakunywa kila siku, ulifika? Nikasema hapana. Akageuka, akaanza kutafuta machupa.

Anakuya kwenu siku ya posho, njo jumamosi, peke yake na machupa. Umupokee, yaya. Minye usiniite mpaka siku moyo yako itakubali.

Usalimie shemeki Banza. Usimufiche hii barua.

Ndugu yako mudogo, mwenye haya,
Cyrille