Baiskeli Haiuzwi

Bulla Pesa,
S.L.P. 61,
Isiolo.

16 Novemba, 1979

Mpendwa mdogo wangu Elmi,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu Sahro na watoto. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Hooyo, mama yetu, anakula vizuri, na goti lake halijamsumbua tangu mvua ilipoanza. Imenyesha kweli safari hii, hata mbuzi wa mjini wameacha kula makaratasi. Je, huko Moyale mmepata? Na kile kifua chako kimepona? Kunywa maziwa ya ngamia, wala usilete maneno kwamba ya huko si kama ya kwetu.

Hayo yakiisha, nimeshika kalamu kwa jambo moja tu. Dereva Hashi aliniletea barua yako mwanzoni mwa mwezi huu. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umesema baiskeli ni yako, umesema nimewaaibisha, umesema Adeer Robow, ami yetu, aiuze. Jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini.

Najua habari iliyokufikia imepita midomo mingi, na kila mdomo umetia chumvi yake. Sasa isikie kwangu.

Unaikumbuka ile kampuni iliyokuja kutengeneza barabara kubwa? Ilimaliza kazi yake ikaenda zake. Huku upande wa Ngaremara waliacha timbo la mawe, mashine ya kusagia kokoto imesimama na kutu yake, na sakafu za saruji za nyumba za mafundi, migunga imeanza kuota katikati. Wakaacha pia njia ambayo malori yao yalikuwa yakipita, kokoto tupu zilizoshindiliwa vizuri, na leo hakuna gari hata moja linaloikanyaga. Barabara kubwa ina malori ya ng'ombe na madereva wanaokupigia honi mpaka uingie mtaroni. Njia ya kampuni haina wa kukuambia pisha. Unasikia kokoto chini ya magurudumu na pumzi yako mwenyewe, basi. Mashimo waliyochimba yamejaa maji ya mvua, na ngamia wanakunywa humo.

Kwa njia hiyo huwa naleta maziwa kutoka Ngaremara asubuhi, na kwa hilo hakuna aliyewahi kunisema. Husifiwa hata: Kinsi mchapakazi, mjane asiyeombaomba. Lakini Ijumaa baada ya alasiri huipanda tena baiskeli bila kopo wala mzigo, nikaenda hadi kwenye ile mashine na kupita kidogo, nikarudi. Sina ninachokwenda kuchukua. Naenda kwa sababu napenda. Huo ndio uhalifu wangu, Elmi, na nitauandika tena uuone vizuri: naenda kwa sababu napenda. Nikibeba maziwa mimi ni mtu wa maana, nikibeba upepo mimi ni mwendawazimu.

Basi Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuwa narudi, nateremka kile kilima kilicho juu ya timbo, upepo unanipiga machoni hadi machozi yananitiririka. Kando ya njia alisimama Lokol, yule Mturkana mwenye mbuzi wengi. Akaniita, "Mama Kinsi! Simama, leta habari!"

Wewe unajua desturi yetu, ingawa ukali wako unaonyesha umeanza kuisahau. Watu wawili hawapishani porini bila kupeana habari za mvua, za majani, za mifugo na za watu. Anayepita mbio bila kusimama ana habari nzito, anaipeleka kwa wenyewe kwanza. Mimi nilikuwa kwenye mteremko na breki zako ni za kubahatisha, kwa hiyo niliinua mkono nikapita. Lokol akayaona machozi.

Akafikiri kama mtu yeyote wa hapa angefikiri. Mwanamke anatoka upande wa kaskazini, analia, hasimami. Nani wa kwao yuko kaskazini? Elmi, Moyale. Kwa wema wake mzee wa watu akakimbia hadi barabara kubwa, akalisimamisha lori la mifugo na kutuma ujumbe mjini, ili Hooyo asikutwe peke yake na msiba. Lori likafika kabla yangu, maana mimi nilikuwa nimesimama kwenye mashimo nikitazama ngamia wakinywa.

Nilipofika nyumbani ulikuwa umeshakufa. Mikeka imetandikwa nje, wanaume wanasoma Yasin, Adeer Robow ameshachinja mbuzi. Watu wakanipisha. Nikauliza, "Nani amekufa?" Jirani yetu Kinanu, yule Mmeru anayeuza mboga, akanishangaa. "Si ni wewe uko na habari?"

Hooyo alikuwa ndani, amelala kifudifudi sakafuni. Hapo moyo wangu ulivunjika. Nilipiga magoti nikamwambia, mama yangu, Elmi yu hai, ni upepo tu. Akaushika uso wangu kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia kwa muda mrefu. Kwa machozi yake niliomba msamaha pale pale, na ningeomba tena leo. Kwa hayo mengine, siombi kwa mtu.

Mbuzi naye alikuwa hawezi kufufuka, akaliwa. Nyama ya msiba wako ilikuwa laini sana.

Adeer alipokwisha kunawa mikono aliikokota baiskeli, akaifungia stoo ya duka lake. "Hii chuma ni ya Elmi," alisema. "Mwanamke anaenda porini bure bure, hakuna kazi, halafu anaua watu hapa nyumbani. Itakaa mpaka Elmi aseme."

Kesho yake nikaenda dukani kwake, nikakaa juu ya gunia la sukari karibu na mlango. Si kosa langu lilikuwa kutotoa habari? Basi nikazitoa. Kila mteja aliyeingia nilimpa habari kamili kama desturi inavyotaka: mvua ya Ngaremara, majani ya Garbatulla, visima vya Sericho, ngamia wa nani amezaa na wa nani amepotea. Na unajua mtu hawezi kumgeuzia mgongo anayempa habari, ni matusi. Aliyekuja kununua kiberiti aliondoka moto wa nyumbani kwake umeshazimika. Wateja wakaanza kuvuka kwenda duka la ng'ambo. Mwishowe Adeer akanijia na ufunguo mkononi. "Chukua chuma yako, Kinsi. Nenda porini. Nenda mbali kabisa."

Nilidhani yameisha, kumbe barua yako ilikuwa njiani. Sasa Adeer amepata nguvu mpya, na mnunuzi ameshampata, Marete wa miraa. Nasikia wewe umechekwa huko Moyale, kwamba dereva aliyekuja kutoa pole alikukuta mlangoni unakunywa chai. Pole, walaal, ndugu yangu. Lakini kuchekwa ukiwa hai ni afadhali. Na kama baiskeli ni yako, sikatai. Mgongo uliokubeba ukiwa mtoto ulikuwa wangu, na hakuna aliyeniambia niuuze.

Barua yako nilimsomea Hooyo, maana ni haki yake. Aliniuliza tu kuna nini huko kwenye njia ya kampuni. Nikamwambia kuna maji, kuna ngamia, kuna kimya. Mwanamke aliyekua akihama na ngamia, Elmi, na sasa kila akiinua macho anaona mabati ya jirani. Akaniambia, "Nipandishe."

Nisalimie Sahro na uwabusu watoto, hasa Habibo mwenye jina la nyanya yetu. Hashi naye mpe salamu zangu, umwambie apunguze chumvi. Mwenyezi Mungu akulinde na barabara hiyo mbaya, akurudishe kwetu salama.

Hooyo anakusalimu kuliko sisi sote. Kila Ijumaa namweka kwenye keria juu ya mto wa kulalia, anakaa upande, mkono mmoja kiunoni mwangu, nami naendesha polepole. Hangoji kuulizwa habari. Akimwona tu mtu mbali na mbuzi wake, hupaza sauti mpaka timbo linaitikia: "Amani! Mvua imenyesha! Hakuna aliyekufa! Elmi yuko hai!" Anayetaka kuiuza baiskeli hiyo, na aje kwanza amwambie ashuke.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyekuogopa,

Kinsi