Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Chuoni, Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kwenye mizinga? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Moyo ndio una hasira. Nimesubiri wiki mbili ipungue kabla sijashika kalamu, haikupungua, basi nakuandikia nayo hivyo hivyo.

Uliuliza kile kitabu cha utafiti wa nyuki kiko wapi, maana wale wageni wa chuo walipokuja Itigi waliahidi kuwaletea. Kimekwisha. Mimi ndiye niliyekichapa, na nitakueleza kilivyoandikwa, ili uache kuwatetea hawa watu mbele ya majirani.

Najua unavyojivuna kwamba binti yako anafanya kazi chuo kikuu. Ningependa siku moja ukione. Chumba kilichojengwa kwa wanafunzi wawili wanalala sita, wenyewe wanaita kubebana. Maktaba ni kubwa kuliko stesheni yetu, lakini vitabu vimekatwa kurasa kwa wembe, na waliozikata ndio hao wanaosubiri kuvaa majoho. Nyuma ya nyumba za waalimu kuna mabanda ya kuku wa kisasa. Mtu anaingia darasani, anasoma karatasi zilizogeuka njano kwa uzee, kisha anakimbilia garini kabla trei zake za mayai hazijashika joto. Tangu mambo yawe ya soko huria kila mmoja ni mfanyabiashara. Tofauti ni kwamba wauza mayai wa sokoni hawadai waitwe Daktari.

Profesa wetu, mkuu wa idara ninayochapia, hafugi kuku. Yeye anafuga wafadhili. Mradi mmoja ukiisha anaandika mwingine, na ule wa nyuki wa Itigi ulikuwa mmoja wa hiyo.

Uliniandikia ulivyovaa koti lako la reli siku ile, ukakaa na wenzako nje ya ofisi ya kata tangu asubuhi, na jioni mkaambiwa wageni wamechoka. Kesho yake gari likaondoka. Ukasema huenda walipata dharura. Baba, hawakupata dharura yoyote. Dereva wao, Hamisi, amenisimulia mwenyewe. Siku mbili walikaa gesti wanakula mbuzi, na yale madodoso, zile karatasi za maswali walizotakiwa kuwauliza ninyi, wakayajaza wenyewe mezani. Majina walipewa na mtendaji.

Rundo lilipofika kwangu nikaona yote sitini yana mwandiko mmoja. Hakuna hata moja lenye vumbi. Yenye mafuta ya nyama ni mengi. Nikaendelea kuchapa, kwa sababu ndiyo kazi yangu, mpaka nikafika kwa mhojiwa namba kumi na saba. Nikakuta jina lako, na la babu.

Elimu: hana. Kusoma na kuandika: hajui. Wewe uliyeandika daftari la treni mpaka ukastaafu. Chini yake swali, anarinaje asali? Jibu: huchoma vichaka. Nilitoa mikono kwenye mashine. Nilikumbuka ulivyonichapa nikiwa mdogo kwa kuacha kaa moja tu la moto chini ya mti wenye mzinga, ukanirudisha porini kwa miguu nikalifukie. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa maandishi ya Profesa kuona wanataka nini. Wanashauri wenyeji waondolewe kwenye vichaka kwa kuwa wanaviharibu, na eneo apewe mwekezaji atakayefuga nyuki kitaalamu. Yaani wamekushika wewe uwe shahidi wa kuwafukuza wenzako.

Nikaenda ofisini kwake na ile karatasi.

"Profesa, huyu hapa ni baba yangu. Hakuhojiwa."

Hakuinua macho. "Una hakika gani?"

"Aliwasubiri kutwa nzima. Na anajua kusoma. Barua zake ninazo."

"Magreth," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea, "wewe ni karani au mtafiti?"

"Karani."

"Basi chapa. Mambo ya sampuli huyawezi."

Nilirudi mezani. Sikuwa shujaa, Baba, nisikudanganye. Kila mwezi wanabandika majina ya watumishi wanaopunguzwa, na karani mwenzangu wa chumba cha pili alikwenda likizo akarudi akakuta kitasa kimebadilishwa. Nilichapa yote. Ila dodoso lako nililikunja nikalitia kwenye mkoba, na jina lako sikulichapa.

Siku ya semina walikuja wafadhili, watu wa wizarani, na waalimu wa idara zote wanaonusa chakula cha bure. Mimi nilisimama nyuma nikigawa nakala. Profesa alisoma kwa Kiingereza kizuri sana, akisema alikaa miezi mitatu kijijini, akila chakula chetu na kulala kwenye nyumba zetu. Hamisi alikuwa mlangoni, akatoka nje akacheke.

Mama mmoja wa wizarani, mwenye miwani ya kamba, akanyoosha mkono. Akasema ameelezwa wahojiwa sitini, lakini kwenye orodha anahesabu hamsini na tisa. Kumi na saba hayupo. Amekwenda wapi?

Profesa akafungua kurasa, akafunga, akanitazama. Ukumbi wote ukageuka kufuata macho yake. Nikaweka nakala chini, nikasema.

"Nimemtoa mimi. Ni baba yangu. Hakuna aliyemhoji, na vichaka hachomi."

Nikadhani sasa mtu atasimama. Wamo mle watu waliosomeshwa na kodi ya pamba na ya tumbaku, wengine hata nyumbani kwao wana mizinga. Profesa akatabasamu. "Mtaniwia radhi," akawaambia, "ni kosa la uchapaji." Wakacheka. Halafu wakaenda kunywa chai, na waliokula sambusa nyingi kuliko wote ni wale wanaofundisha maadili ya utafiti.

Jumatatu yake nilihamishiwa stoo. Hawakunipunguza, nadhani waliogopa ningeongea zaidi. Nakaa na viti vilivyovunjika na mashine za taipu walizozitupa kompyuta zilipokuja. Waliokuwa wakija mezani kwangu na tabasamu, "Magreth dada, nichapie ukurasa mmoja tu," sasa wakikutana nami wanatazama miti.

Yule mama wa wizarani alinifuata huko Alhamisi. Hakukaa, viti vyenyewe havikaliki. Alisema ripoti hiyo bado haijaamuliwa, na kwamba yeye hawezi kuipinga kwa hasira yangu peke yake. "Niletee maneno ya watu wenyewe," akasema, "nitayaweka mezani pamoja na hiyo ripoti." Sijui kama ataweza. Ni mmoja, na wao wana tai nyingi. Lakini alikuja kwa miguu yake, na alikuwa wa kwanza humu ndani kuniuliza Itigi iko upande gani.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna madodoso matupu ishirini. Yako maboksi mazima humu stoo, waliyachapisha mengi wakachoka kuyajaza. Wape wenzako. Asiyeandika, mwandikie wewe anavyosema, usimrembee. Usiyapitishe kwa mtendaji. Yakishajaa mpe konda wa treni, yule anayekuita kaka, nitamsubiri stesheni mwenyewe. Mashine moja hapa bado inapiga vizuri, imekosa herufi q tu, na sisi hatuihitaji.

Nisalimie Mzee Ramadhani, jirani yetu mchonga mizinga, na kaka Yohana atakapokuja kutoka Iguguno na alizeti yake. Shangazi wa Mtinko mwambie kitenge chake nimekipata.

Nasikia idara itarudi huko kiangazi, safari hii mradi wa mifugo. Wakija wapeni maji na mahali pa kukaa, maana ni wageni. Wakianza kuuliza, waambie mmechoka, warudi kesho.

Mwanao,
Magreth