Kabati la Waliozaliwa Alfajiri

Arap Rono,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Siku tuliyokuzika, pale kilimani juu ya Roret, nilijiambia kwamba nitakuandikia kabla ya michai iliyokanyagwa na waombolezaji kuchipua tena. Ilichipua, ikachumwa, ikachipua tena, nami sijaandika. Sina udhuru wa maana. Kila niliposhika kalamu ukungu ulishuka mashambani, nikautazama hadi kikombe changu kikapoa. Mtu wa umri wangu akiutazama ukungu huo kwa muda mrefu huanza kuona watu ndani yake. Nilikuwa nikikutafuta wewe.

Leo naandika kwa sababu kuna jambo. Halmashauri ya kiwanda chetu cha chai itakutana wiki ijayo. Itaamua kama nyaraka zote za zamani zitiwe kwenye boila pamoja na kuni, au zitunzwe kwa njia ile yako. Nimeombwa niseme neno. Unajua mimi si mtu wa kuogopa kusema. Nimewasimamia wanafunzi wa Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kuja kwenu kiwandani. Lakini safari hii naogopa, kwa maana nitakuwa nikikusemea wewe.

Nakumbuka tulivyogawana jengo lile. Wewe ulikuwa karani wa masjala, chini, karibu na mlango, pale kila barua ilipoingilia. Mimi nilikuwa mhifadhi wa nyaraka, juu, nyuma ya mahali majani yanapotandazwa yanyauke. Harufu ile ya majani yanayolegea, nusu ukijani na nusu usingizi, iliingia katika karatasi zangu na katika nguo zangu, na hata leo nikiinusa barabarani nahisi kama kuna mtu ananiita kwa upole. Kwako faili zilizaliwa. Kwangu zililetwa zikiwa zimekufa, ndani ya magunia, bila jina wala ukoo, nami nikakaa nazo nikijaribu kukisia zilikuwa nani.

Ulinicheka. "Mwalimu, wewe unangoja watu wakufe ndio uulize majina yao."

"Wafe," nilikusahihisha.

"Haya, wafe. Lakini bado umechelewa."

Nilikasirika siku ile. Mkikuyu aliyezaliwa Kericho mjini, binti wa mwenye duka, mwenye cheti cha uhifadhi, aambiwe amechelewa! Kisha ukanionyesha ulivyofanya kazi. Kabla ya kufungua faili mpya ulisimama mbele ya makabati na kuziita za zamani kwa sauti, kama vile wanawake wa kwenu wanavyoyaita majina ya wahenga juu ya mtoto mchanga, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto apige chafya, na jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. "Paa la kiwanda? Daraja la Kiptere? Maji ya chemchemi?" Ulivuta droo moja moja. Mara nyingi vumbi lilikufanya wewe mwenyewe upige chafya, ukacheka hadi machozi ukasema, "Amekubali huyu!" Na kweli, faili ya jambo lile ilikuwa pale, ikingoja karatasi yake mpya. Hukuwahi kumpa mtoto jina kabla ya kumwuliza aliyetangulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yako, nami nikaelewa yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba usimamizi wa kumbukumbu ni kazi ya makarani, na uhifadhi ni kazi ya wasomi. Si kweli. Ni uhai mmoja. Karatasi huzaliwa kwa sababu fulani, hufanya kazi, husinzia, kisha ama huondoka au hubaki milele. Ile ratiba yako, iliyosema kila aina ya karatasi ikae wapi, kwa muda gani, na mwishoni iende wapi, ilikuwa kwangu kama kumjua jirani anayepogoa michai yake kwa mpango. Hushtuki ukiona vijiti vitupu. Unajua kwa nini vimekatwa, na unajua kitakachochipua. Mhifadhi anayeielewa ratiba hachambui magunia gizani. Anajua kinachokuja kabla hakijafika, anajua nani alikiandika na alikuwa akijibu nini, na anajua ni kipi kinaweza kwenda zake kwa amani.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Nilipostaafu, chumba changu kilikaa bila mtu. Baada ya wewe kuondoka, waliajiri binti anayeitwa Chepkorir, mwenye shahada, mpole, mchapakazi. Huniita Kogo, kama bibi yake, nami nimemwacha. Alikuta mafaili ya wakulima yamefungwa kwa vituo vya kupimia majani, Kiptere peke yake, Roret peke yake, na ndani ya kila kituo yamefuatana kwa nambari ya mkulima. Akaona si nadhifu. Akayatoa yote, akayapanga upya kwa majina.

Nadhani unacheka huko uliko. Kwa majina, katika nchi hii ambako jina hutaja saa ya kuzaliwa, na saa ni chache! Nilipanda ngazi nikamkuta amesimama katikati ya kazi yake, amechoka na amefurahi, nami nikatembea kati ya makabati kama mtu anayeota. Hapa akina Koech, kabati zima la waliozaliwa alfajiri, wao au baba zao. Hapa akina Ngetich, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Akina Rop, mvua ikinyesha. Akina Rotich, ng'ombe wakirudi. Akina Rono, mbuzi wakiingia zizini jioni, nawe ukiwa miongoni mwao. Siku nzima ya Wakipsigis ilikuwa imepangwa ukutani, kuanzia umande hadi giza, nami nilisimama adhuhuri nikisikia kengele za mifugo. Kilikuwa kitu kizuri sana, Arap Rono. Na hakikuwa na faida yoyote.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kutafuta faili ya marehemu baba yake, ili nambari yake ya ukulima ihamishiwe kwa mama yake mzee. Chepkorir alifungua kabati la alfajiri, maana nao ni akina Koech. Akina Koech walijaa humo kama majani kwenye gunia. Walitafuta asubuhi yote. Baba yake hakuwemo. Mwenyekiti akafunga kabati polepole, akasema, "Kama kitu haiwezi kupatikana, tunaiweka ya nini? Hii ni kiwanda, si makumbusho. Peleka boila."

Chepkorir alikuja kwangu akilia. "Kogo, nimeharibu." Sikumkemea. Mimi, ambaye nimewakemea watu kwa makosa madogo kuliko hayo! Nilimwambia avae koti, tukarudi. Tulizisoma nambari kwenye majalada, kila moja ikianza na kituo chake, tukarudisha kila mtu kituoni kwake, kwa majirani zake, alikokuwa akipimiwa majani. Mvua ya alasiri ilipiga mabati kila siku tukiwa kazini. Wakati mwingine nilisinzia kitini na kuota kwamba si karatasi tunazobeba bali ni watu wenyewe, wepesi, wamelegea kama majani yaliyonyauka, nasi tunawashika mkono kuwarudisha nyumbani, na wewe uko mlangoni ukiyaita majina yao. Nilipoamka Chepkorir alikuwa akiyasoma kwa sauti kweli.

Mzee wa mwenyekiti tulimpata miongoni mwa watu wa Kiptere, jirani ya ndugu yake. Jalada lake lilikuwa na jina la ubatizo tu, Paulo, kwa hiyo katika mpango wa majina alikuwa amepelekwa mbali na jamaa zake wote. Mwenyekiti aliishika faili ile kwa mikono miwili. Alishukuru. Kisha akauliza swali ambalo bado linanisumbua: "Leo mmeipata kwa sababu Mwalimu bado ako. Na kesho?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ana haki. Na kuna jambo jingine ambalo hukuliona. Siku hizi majani yanapimwa kwa mizani ya umeme, na uzito unakwenda moja kwa moja kwenye mtambo. Mkulima anapata ujumbe kwenye simu kabla hajakunja gunia lake. Hakuna karatasi. Kumbukumbu zinazaliwa bila kilio, na zinaweza kufa bila kilio vilevile. Hazitanyauka kwenye rafu zikimngoja mhifadhi. Yule atakayekaa juu akingoja magunia, safari hii hakuna gunia litakalokuja.

Basi mimi na Chepkorir tumeandika ombi. Ashuke chini. Akae katika masjala, pale faili na ujumbe vinapozaliwa, awe pamoja na karani mpya aliyechukua nafasi yako na kijana wa kompyuta anayetunza mtambo ule, wakubaliane jina la kila kitu siku kinapoanza, na kila kimoja kipewe mahali na muda wake kwa ratiba. Kinachostahili kuondoka kiondoke kwa kanuni, hata kwa boila, sitakizuia. Kinachostahili kubaki kipande juu kikiwa na ukoo wake. Chepkorir amekwisha kuanza. Juzi nilimsikia akisimama mbele ya makabati na kuita, "Barabara ya Roret? Mitaro?" Hakupiga chafya. Lakini alingoja kidogo kabla ya kufungua jalada jipya, na katika kungoja huko nilikutambua wewe.

Wajumbe wengine wa halmashauri wanataka tu nafasi. Mmoja ameshapima chumba cha juu kwa hatua zake akisema kingefaa kuwa stoo ya mbolea. Mwenyekiti amenyamaza, na simjui vya kutosha kujua kimya chake kinaelekea wapi. Wakikataa, zile faili tulizorudisha nyumbani zitateremshwa kwa toroli hadi mlango wa moto. Wakikubali, nyingine zitachomwa pia, lakini kila moja kwa zamu yake, na kwa jina.

Nitakwenda nimevaa gauni langu la kanisani. Sitanukuu vitabu. Nitawaambia tu kwamba mtu hamjui mtoto kwa kungoja matanga yake. Nitakoma hapo, maana nikiendelea sauti yangu itavunjika, na wewe ulijua jinsi ninavyochukia kuvunjika mbele ya watu.

Lala salama kilimani, rafiki yangu. Mkeo hajambo, ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mimi bado nakukosa hasa saa ile ya alasiri mvua inapoanza, ulipokuwa ukipanda ngazi kuniletea chai bila kuulizwa.

Watakapoamua nitakuandikia. Wakiamua kuchoma, nitakuandikia pia, siku hiyohiyo, hata kama moshi wa boila utakuwa bado juu ya paa.

Ni mimi,
Mwalimu wako, Wanjiku