Taa za Kaka Magesa

Jumanne, 4 Machi
Madaftari arobaini na mawili ya kidato cha pili. Karibu wanafunzi wote wamekosea swali la kioo. Nimesahihisha hadi mkono unauma, halafu simu ikalia: kaka Magesa ametuma video nyingine. Ya tatu wiki hii. Taa saba juu ya ziwa, zinapanda na kushuka, na mtu asiyeonekana anasema serikali inajua ila inaficha.

Nimeitazama mara mbili. Taa za wavuvi wa dagaa. Wimbi likiinua mtumbwi, taa nayo inainuka. Hata mtoto mdogo hapa Pasiansi anazijua, sembuse kaka yangu, ambaye mitumbwi hiyo ameiunda kwa mikono yake miaka thelathini. Nimemjibu maneno manne: Taa za dagaa, kaka.

Hakuwa hivi. Ni mtu wa kanisa na wa kazi. Tangu aingizwe kwenye lile kundi la simu, la watu wanaosubiri wageni kutoka sayari nyingine, kila kitu kwake kimekuwa siri ya serikali. Sasa anasema vyombo vyao ameviona mwenyewe. Mimi nafundisha fizikia, yeye anatuma mambo haya kwa ukoo mzima. Ninaona aibu, na aibu inanipa hasira.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nilikwenda kwake mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Shikamoo, marahaba, wifi Tabitha akaleta ugali na sato. Nilipomaliza kula nikatoa hili daftari na kumhoji kama shahidi. Alifurahi, maskini. Nadhani aliona nimeanza kuamini.

Naandika kama alivyosema. Mwanga ni mweupe, kama radi isiyo na sauti. Unapita upande wa kulia. Akigeuka kuutazama, unakimbia. Huja giza linapoingia, na alfajiri. Ulianza siku kumi zilizopita. Mara mbili wenzake walikuwa wamesimama naye, hawakuona kitu. Na tangu juzi kuna vidoti vyeusi, vinaelea, vinamfuata hadi sebuleni.

Yaani wametoka sayari nyingine, wakavuka anga lote, wakaingia sebuleni kwa kaka yangu bila kupiga hodi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu karibu na banda la kuku.

Kuhusu serikali, anasema kuna mtu wa shati jeupe alikuja mwaloni akauliza maswali na kuandika. Wifi akasema ni bwana samaki, alikuja kupima matundu ya nyavu. Kaka akasema ndivyo wanavyojifanya. Nikamwambia ukweli: mimi ni mtumishi wa umma miaka ishirini na sita. Barua ya siri ya uhamisho wa mwalimu humfikia mama lishe kabla haijamfikia mwalimu mwenyewe. Watu hao ndio wafiche chombo cha angani? Wifi alicheka. Kaka akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naichukia methali hiyo kuliko zote.

Jumatano, 12 Machi
Nimefanya uchunguzi. Kile chuma ambacho kundi linasema kilianguka kisiwani na kuchukuliwa na askari: nina mwanafunzi wangu wa zamani anafundisha huko huko. Ni boya lililokatika. Watoto wanalikalia. Ile nyota ya magharibi waliyoipa jina la kamanda ni Zuhura. Nimemtumia kaka yote.

Jioni nilikwenda kusimama naye ufukweni. Nilimkuta bado kazini. Mafundi wa mitumbwi hunyoosha ubao kwa jicho: wanauweka shavuni, wanafumba jicho moja, wanatazama mstari hadi mwisho. Kaka miaka yote hufumba la kushoto. Leo kafumba la kulia. Nikamtania kwamba uzee umemfanya mashoto. Hakucheka.

Giza lilipoanza akanishika mkono. Akasema, "Huo, umepita." Nilikuwa nikitazama hapo hapo, na simu yangu ilikuwa inarekodi. Hakukuwa na kitu. Nimeirudia rekodi mara tano. Ziwa, mawingu, mbwa mmoja. Ushahidi umekamilika: anachokiona hakipo.

Jumamosi, 15 Machi
Siku ya wazazi shuleni. Mkuu wa shule alinipa nusu saa niongee kuhusu kupima uvumi. Nimeongea vizuri, sitajinyima sifa. Nilionyesha video ya taa za dagaa, nikasimulia boya. Halafu nikasema kuna fundi mmoja mwaloni ambaye wageni wa angani humtembelea hadi sebuleni, ila ni wastaarabu sana, huonwa na yeye tu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nikawauliza wanafunzi: kitu kikionekana na mtu mmoja kati ya watatu waliosimama pamoja, tunasema nini? Wakaitikia kwa pamoja, hakipo.

Jina sikulitaja. Wifi Tabitha alikuwa kiti cha nyuma, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Nilipomtafuta baadaye alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu, 17 Machi
Mzazi mmoja alirekodi. Imefika mwaloni. Mwaloni hakuna aliyehitaji jina. Kaka yangu sasa wavuvi wanamwita Rubani. Mtoto wa darasa la tatu kamwamkia, "Shikamoo, Rubani." Nimeambiwa na muuza mchicha, akicheka, hajui kama ni kaka yangu.

Nilitaka kumpigia. Sikumpigia. Nilijiambia nimemsaidia, dawa chungu ndiyo inayoponya. Nimekula kidogo tu.

Ijumaa, 21 Machi
Amejitoa kwenye kundi. Hakuna video tena. Nilipita kwake na mkate na sukari. Alikuwa amekaa kivulini, saa kumi ya jioni, na kazi ipo. Nikamuuliza habari za taa. Akasema, "Hakuna taa tena, mwalimu. Yameisha."

Ameniita mwalimu. Tangu nizaliwe ananiita Rebeka, au mdogo wangu.

Nimeshinda. Naliandika neno hilo nilitazame. Mbona halina ladha.

Alhamisi, 27 Machi
Wifi alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Hajawahi. Alisimama nje ya ofisi ya walimu, amefunga kitenge vibaya. Kaka amejigonga nyundo kidole mara mbili wiki hii. Chai anaimimina nje ya kikombe. Jana mwenye mtumbwi mpya ameukataa, ubao wa upande mmoja umepinda na kila mtu anaona. Ubao wa Magesa umepinda. Wifi akasema, "Muulize wewe, wifi. Mimi ananiambia ni uchovu."

Niliacha kipindi cha mwisho kwa mwenzangu. Nilimkuta kitandani, amegeukia ukutani. Nikamuuliza. Alivuta shuka hadi begani. Halafu akasema kuna pazia jeusi. Lilianzia pembeni, limekuja kidogo kidogo, sasa limefika puani. Jicho la kulia. Siku kumi sasa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningemwambia nani? Wewe?"

Ijumaa, 28 Machi
Hospitali. Daktari ni binti mdogo, mpole. Aliziba jicho la kushoto la kaka kwa kiganja, akamuuliza anaona nini. Kisha la kulia. Halafu akauliza: ile mianga uliiona kwa jicho gani? Kaka akajibu papo hapo, la kulia. Basi. Dakika mbili.

Alitueleza taratibu. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha. Ukivutwa, mtu anaona mwanga ambao nje haupo. Ukichanika, damu kidogo inavuja, anaona vidoti vinaelea. Usipozibwa mapema unabanduka, na hapo ndipo pazia linaposhuka. Huwatokea watu wa rika lake, wakati mwingine bila sababu yoyote.

Akauliza ilianza lini hasa. Kaka hakukumbuka tarehe. Mimi ninazo. Nikatoa daftari hili kwenye mkoba na kumsomea ukurasa wa tarehe tisa. Mwanga mweupe, upande wa kulia, ukigeuka unakimbia, vidoti hadi sebuleni. Niliruka habari za banda la kuku.

Daktari aliacha kuandika. Akasema ni nadra kupata maelezo mazuri kiasi hicho. Akasema siku ile, tarehe tisa, pengine matibabu yangekuwa ya mchana mmoja na kurudi nyumbani. Hakunilaumu. Alidhani niliandika kwa sababu nilikuwa na wasiwasi naye.

Sikumsahihisha. Kaka alikuwa pale, alisikia, naye hakumsahihisha.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda kanisani. Nimesoma daftari tangu mwanzo.

Kila kitu kimo. Tarehe kumi na mbili nimeandika kwa mkono wangu kwamba amebadilisha jicho la kupimia ubao. Nimeandika na mzaha juu yake. Mtu anayetumia jicho moja maisha yake yote analiacha ghafla, na mwalimu wa fizikia, anayefundisha mwanga na lenzi, anamwita mashoto.

Nilikuwa sahihi, ndilo linaloniuma zaidi. Hakuna vyombo. Hakuna siri ya serikali. Angani hapakuwa na kitu. Nilihesabu mitumbwi ya dagaa, nilimsumbua mwalimu wa kisiwani kwa ajili ya boya, nilirekodi ziwa. Kumuuliza kaka yangu unaona kwa jicho gani, sikumuuliza. Lile kundi la wapumbavu lilimuuliza maswali mengi kuliko mimi.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha. Alisema kwa kila mtu, nikamfundisha kunyamaza mbele ya ukumbi mzima. Nimefanya vibaya. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumatatu, 31 Machi
Nimeomba dakika tano paredi asubuhi. Nikawaambia wanafunzi kwamba yule fundi ni kaka yangu wa tumbo moja, kwamba ni mgonjwa wa jicho, na kwamba niliyekosea ni mimi. Nikasema bado hakuna vyombo vya angani, msije mkatoka hapa na hilo. Ila mtu akikuambia ameona kitu, kuna vitu viwili vya kuchunguza, kitu na mtu. Mimi nilichunguza kimoja.

Hawakujua wacheke au wanyamaze. Hakuna aliyerekodi. Nilitamani mtu arekodi.

Jumatano, 9 Aprili
Upasuaji ulikuwa wiki iliyopita. Leo bandeji imetolewa. Kwa jicho la kulia anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mkono ukipungwa karibu. Vidole hawezi kuvihesabu. Daktari anasema huenda nguvu ya kuona ikaongezeka kidogo, tusitegemee sana. La kushoto ni zima. Ila nalo liangaliwe, maana linaweza kufuata. Akiona mwanga hata mara moja, aje siku hiyo hiyo.

Tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa nikamwambia nisamehe, kaka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka hayo tu. Akasema, "Kuchekwa nimezoea, Rebeka. Hata mtumbwi wangu wa kwanza waliucheka. Ila ulinihoji vizuri sana ile Jumapili. Nikajua umenisikia."

Halafu wakaita jina lake dirishani. Nilibaki pale na makaratasi yake mapajani. Nililia mbele za watu, sikujali.

Jumapili, 27 Aprili
Mvua ya asubuhi, imekatika saa mbili. Tumeelewana hivi: kila siku nampigia kabla sijatoka nyumbani, Jumapili naenda mwenyewe. Anaziba jicho la kulia kwa kiganja, anatazama ukuta mweupe, kisha anasema. Mimi naandika.

Leo ameniambia jambo. Ile taa ya kwanza kabisa, mwezi wa pili, iliyosimama juu ya ziwa kabla ya mambo ya jicho, hiyo ilikuwa ya kweli. Hiyo haikuwa ugonjwa. Alinitazama kwa jicho lake moja akisubiri. Najua haikuwa ya kweli. Taa za dagaa. Nikamuuliza ilikuwa na rangi gani, akanieleza mpaka chai ikapoa.

Baadaye alinipeleka kwenye kazi yake. Amechukua mtumbwi mdogo, wa kuanzia. Anapimia kwa jicho la kushoto, na hajaliamini bado. Akaniwekea ubao shavuni, akanionyesha namna ya kufumba. Nikatazama hadi mwisho. Nikamwambia umepinda kidogo, karibu na fundo. Akapapasa kwa kidole hadi akapafikia, akasema ni kweli, akachukua randa.

Jicho la kushoto, leo. Mwanga, hapana. Vidoti, hapana. Pazia, hapana. Nimeandika kama alivyosema.