Hakuna Mtani Tena Kwenye Kikao cha Jumanne

Zuhura, shoga yangu,

Hujambo huko? Najua hujibu, lakini nikianza bila salamu utasema Wachaga hatukufundwa.

Mimi nipo, palepale Bigwa, kwenye chumba chetu cha kazi. Kiti chako sijakitoa. Mwenye nyumba alikiomba ampelekee binti yake, nikamwambia hapana, wala sababu sikumpa. Mvua zimeanza, mlima hauonekani asubuhi yote, na mchana nakula peke yangu. Bado nachemsha magimbi ya kutosha watu wawili. Nayala mpaka jioni na yamenichosha.

Nikupe habari za kazi. Ule mfumo wa kompyuta wa zamu za maji kwa wakulima wa mpunga wa Dakawa haujaisha. Timu ni zilezile, kila moja na mji wake na kipande chake, na kila Jumanne wasemaji tunakutana mtandaoni tuambiane nani amekwama na anamngoja nani. Ulipokuwa msemaji wetu kikao kile kilikuwa na uhai. Sasa nimekaa mimi mahali pako, na kimekuwa kama foleni ya kutoa pole. Tunaendelea vizuri. Na sisi tunaendelea vizuri. Asanteni. Kamera zinazimwa, nabaki na kioo cheusi na mvua juu ya bati.

Uongo mtupu! Sisi tunamngoja Maganga wa Dar atupe namba za mashamba ndipo tuingize majina ya wakulima. Yeye anangoja majina ndipo atoe namba. Lakini nani amwambie mwenzake mbele ya wakubwa kwamba anachelewesha? Huko ni kumvunjia mtu heshima. Wewe uliweza kwa sababu Mluguru na Mnyamwezi ni watani. "Maganga," ulikuwa unamwambia, "mizigo ya babu yako ilifika pwani kwa miguu kabla ya kazi yako." Watu wanacheka, na jioni ileile kazi inafika. Ningeyasema mimi maneno hayo, ingekuwa kesi.

Alikuja msibani kwako kufanya utani, unajua? Akajifunga kanga yako kiunoni, akashika simu, akaendesha kikao kwa sauti yako, huku akijitukana mwenyewe. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, tukalia wote. Jumanne iliyofuata Maganga huyohuyo akasema tunaendelea vizuri, kama wengine.

Ndipo juzi wakubwa wakasema kikao kifutwe. Timu zote si ziko vizuri? Basi kila mtu awe anaandika taarifa yake, yaishe. Mwenye pingamizi aseme. Nikawafikiria wakulima walioahidiwa kuzijua zamu zao kabla ya kupanda. Na nisikufiche, nilijifikiria na mimi pia, kwamba kikifutwa hiki nitakaa wiki nzima bila kusikia sauti ya mtu aliyekujua. Nikawasha maiki.

"Kaka Maganga, sisi tumekwama. Tunakungoja wewe, na wewe unatungoja sisi, tangu Zuhura afariki."

Hakuna aliyecheka. Nikajua nimeharibu. Kisha Maganga akawasha kamera, macho mekundu, akasema taratibu, "Mimi nilikuwa nangoja kutukanwa. Siku hizi hakuna anayenitukana."

Kikao hakikufutwa. Namba alizituma siku ileile, nasi tukatuma majina. Wengine walipotoka tulibaki sisi wawili kwenye mtandao, hatukuongea la maana. Aliniuliza kama Bigwa mvua inanyesha, nikamwambia inanyesha.

Shoga yangu, utani siwezi kukuahidi. Ule ulikuwa wenu, na nikijaribu mimi nitanuniwa. Ninachokuahidi ni kwamba kila Jumanne, nikikwama, nitasema nimekwama, hata sauti inikatikie katikati. Pumzika, usitushughulikie tena. Mungu akuweke pema.

Acha nianze na wewe. Nimekwama, Zuhura. Nakungoja, na najua huji.

Ndeshi